Kitabu Kilichosubiri Miaka 35: Kumsoma Kitereza Kutoka Buhare

Riwaya za Ukerewe nilizisoma kinyumenyume. Nilianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nikiwa kidato cha pili, tukipokezana nakala moja darasa zima mpaka ikabaki haina jalada. Aniceti Kitereza nilikuja kumsoma miaka zaidi ya kumi baadaye, nimeshamaliza chuo na nimeshaanza kazi ya uandishi wa habari. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ndivyo historia yenyewe ilivyokwenda: Kezilahabi kwanza, Kitereza baadaye. Si ndivyo vitabu vinavyosema? Kimoja kimeandikwa 1971, kingine 1980. Leo nataka kulisahihisha kosa hilo, maana nina hakika siko peke yangu.

Kwanza niseme ninakotokea. Mimi ni mtoto wa Buhare, Musoma. Kwetu Ukerewe siyo mbali. Unapanda gari hadi Bunda, unaendelea mpaka Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, umeshafika kisiwani. Bibi aliyenilea alikuwa Mjita, na Kijita na Kikerewe ni ndugu.  Kwa hiyo vitabu hivi sikuvisoma kama mgeni. Nilivisoma kama mtu anayesikiliza habari za nyumba ya jirani.

Rosa Mistika ilitutisha. Baba yake Rosa, Zakaria, anampiga mwanawe kwa sababu ya barua ya kijana, anamfungia kila mlango, kisha binti akifika mbali na macho ya baba hajui hata aanzie wapi kujilinda. Sisi wasichana kwa wavulana tulimjua Zakaria. Kila mtaa ulikuwa naye mmoja. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi fulani, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo kilitunoga. Lakini kilichonibakia siyo yale mambo ya aibu. Ni upweke. Rosa anakufa akiwa na wazazi, wadogo zake, kanisa na shule, na bado hana mtu wa kumsemesha.

Sasa njoo kwa Kitereza. Jina la riwaya yake lenyewe ni safari: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Nakala niliiazima kwa mwalimu mmoja mstaafu. Niseme ukweli, kurasa 100 za kwanza zilinichosha. Mtu akienda ukweni unasimuliwa alivyosalimia, alivyoketi, alivyokaribishwa, alivyoaga. Pombe ya ndizi ikitengenezwa, inatengenezwa mbele yako hatua kwa hatua. Nilizoea riwaya zinazokimbia. Hii inatembea, tena inasimama njiani kupiga soga.

Kisa chenyewe ni hiki. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Njia rahisi ilikuwa mume kuoa mwingine. Myombekere hataki. Anakwenda kwa wakwe kuomba mke wake, anatozwa faini ya pombe, na kijiji kinahangaika naye kuipata. Baadaye wanamtafuta mganga, na baada ya taabu nyingi anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali.

Nilipofika hapo nikaelewa ule mwendo wa polepole. Katika riwaya hii mtoto hazaliwi na watu wawili. Anazaliwa na wakwe, majirani, mganga, mitungi ya pombe na adabu zote zile zilizonichosha. Halafu nikamkumbuka Rosa. Kitereza anasimulia kijiji kizima kinachohangaika ili mtoto mmoja apatikane. Kezilahabi, kisiwa kilekile, anasimulia mtoto aliyepatikana na kukosa wa kumshika mkono. Ukizisoma riwaya hizi mbili kwa mfuatano huo, unaona kitu kilichobomoka katikati.

Lakini tarehe za kuchapishwa zinakuficha mfuatano huo. Kitereza hakuandika 1980. Aliandika 1945, tena kwa Kikerewe. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na wamisionari, akawa Mkatoliki wa maisha yake yote. Yeye na mkewe, Anna, hawakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja aliye hai, na hakuoa mwingine. Sasa kirudie kisa cha Myombekere ukijua hilo, uone kama utakisoma vilevile.

Mwaka 1945, jamani! Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ilitoka 1958. Mzee wa Ukerewe alikuwa ameshamaliza riwaya nzima, nene, kuhusu maisha ya watu wake kabla ya wakoloni, na haikuwa na mchapishaji. Lugha ya kisiwa kimoja, nani ataichapa, nani atainunua? Mwishowe ilibidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akiwa mzee na mwili umeshamchoka. Miaka hiyohiyo ya 1960, upande wetu huu wa Mara, Mwalimu Nyerere wa Butiama alikuwa akimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Ng'ambo ya maji, Kitereza alikuwa akijifasiri mwenyewe ili nchi yake imsome.

Tanzania Publishing House ndiyo iliyoichapa. Kitereza alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Alisubiri miaka 35 na bado akakikosa kitabu chake. Baadaye Wajerumani waliisoma kwa lugha yao katika majuzuu mawili, 1991 na 1993. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka ule mswada wa Kikerewe.

Ndiyo maana sipendi tunavyoipanga historia ya riwaya zetu kwa mwaka wa kuchapishwa tu. Mwaka huo unatueleza mchapishaji alipata nafasi lini. Hautuelezi mtu aliwaza lini. Tukimweka Kitereza kwenye rafu ya 1980, pembeni ya Gamba la Nyoka ya Kezilahabi iliyotoka 1979, anaonekana mzee aliyepitwa na wakati. Tukimrudisha 1945, ametangulia karibu wote.

Na subira hizi hazijaisha. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994. Kwa Kiswahili tumeipata 2022, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Hiyo ni miaka 28, kwa riwaya ya mtoto anayechukuliwa kwao na kupelekwa pwani kwa sababu ya deni la baba yake. Niliisoma kwa siku tatu na nilifurahi sana, lakini nilijiuliza: wangapi waliotakiwa kuisoma walishaondoka?

Swali hilo kwangu lina sura ya mtu. Likizo moja nilimsomea Bibi kurasa za Kitereza tukiwa tumekaa barazani, yeye anachambua dagaa. Kila nilipofika kwenye chombo au desturi fulani alinikatisha: "Ngoja, mjukuu wangu, hicho sisi tunakiita hivi." Ananipa neno la Kijita, anaeleza kazi yake, anacheka. Mimi, mwandishi wa habari mwenye kalamu mfukoni na simu ya kurekodia, nikaendelea kusoma. Nilimwambia nitaandika siku nyingine. Siku nyingine hatukuipata. Nikikifungua kitabu kile leo, nafika mahali alipocheka, najua palikuwa na neno, na neno silikumbuki.

Kitereza hakuwa na mchapishaji, lakini aliandika. Mimi nilikuwa na kila kitu na sikuandika. Basi ndugu msomaji, ukikisoma kitabu hiki usiogope mwendo wake. Na kama una mzee nyumbani, msomee kwa sauti. Akikukatisha, kiweke kitabu chini, uandike.