WEMA USIOULIZA KABILA: KUMBUKUMBU YA MSAADA KWA MASKINI KATIKA MWESO



Jubile si siku ya kuhesabu majengo tu. Inafaa tukumbuke pia namna wakristu walivyowapokea wale waliokimbia mikono mitupu, bila sufuria wala blanketi.

Kazi hiyo ni ya zamani katika Kanisa. Mwaka 1833, mjini Paris, Frédéric Ozanam na wenzake walianzisha chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, ili wawatembelee maskini nyumbani mwao. Kwetu, jimbo la Goma lilizaliwa mwaka 1959. Mwaka 1960 Karitas ya Kongo ikaundwa. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo za waamini, ndiyo mashirika yetu. Humo maskini anajulikana kwa jina lake.

Kisha siku za tabu zikafika. Mwaka 1993 vita vilianza Ntoto, katika Walikale, vikaenea Masisi. Jirani yetu, Wamonaki wa Mokoto, walioanza monasteri yao mwaka 1954, waliwafungulia wakimbizi milango. Mwezi wa Mei 1996 wakimbizi hao walishambuliwa, wengi wakauawa kwa sababu ya kabila lao. Hapo tuliona kwamba wema usiouliza kabila una gharama kubwa.

Tangu mwaka 2007 vita vilileta tena wakimbizi wengi Mweso. Si wote waliokaa katika kambi; wengi waliingia nyumba za wenyeji. Mwenye sufuria mbili alitoa moja, mwenye mkeka alikata nafasi. Malori yalifika baadaye, yakileta mablanketi, mabido ya maji, sabuni na mashitingi ya kufunika vibanda. Msaada huo uliokoa watu. Lakini kila jamaa ilipewa fungu sawasawa, hata mama aliyepungukiwa sufuria tu. Kwa hiyo, tangu mwaka 2008, UNICEF na wenzake katika Kivu ya Kaskazini walianza kugawa kuponi: siku ya soko mama alijichagulia mwenyewe vitu vilivyomfaa. Hilo ni fundisho kwetu: maskini ana akili ya kujua shida yake, na heshima yake ni sehemu ya msaada.

Mwezi wa Januari 2024 mabomu yaliangukia Mweso, raia wakauawa, wengi wakakimbia. Aliyemkaribisha mgeni jana, akawa mgeni kwa wengine.

Ndugu wapenzi, mtoaji na mpokeaji ni mtu yule yule katika nyakati mbili. Basi orodha ya wahitaji ifanywe wazi ndani ya shirika, mbele ya wote, wala pasiwe na jina lililowekwa kwa udugu au kufutwa kwa kabila. Yezu Kristu, aliyejihesabu kati ya wenye njaa na walio uchi, atujalie jubile yenye matunda.