Mbung'o, Ng'ombe na Mkulima: Historia ya Malale katika Mashamba ya Busia na Tororo

Malaria imewaua wakazi wengi zaidi wa Busia na Tororo kuliko malale, lakini malaria humfuata mtu popote alipo, mjini na kijijini, ilhali malale ni ugonjwa uliofungamana na kazi ya shamba yenyewe. Humpata anayechunga, anayechota maji mtoni, anayekata kuni, anayelima kando ya kichaka, kwa sababu mbung'o anayeueneza, inzi wa rangi ya kahawia anayenyonya damu, huuma mchana, saa zile zile ambazo mkulima yuko kazini. Historia ya usalama wa shamba katika ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Uganda, unaoshuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon kupitia Malaba na Busia hadi ufuko wa Ziwa Victoria, kwa sehemu kubwa ni historia ya namna serikali, wataalamu na wakulima walivyochelewa kutambua mahali hasa ilipokuwa hatari hiyo, kisha wakachelewa zaidi kulifanyia kazi walilokwisha kulitambua.

Malale huletwa na vimelea viitwavyo Trypanosoma, viumbe vya chembe moja vinavyoogelea katika damu na kuonekana kwa hadubini tu. Aina inayopatikana mashariki mwa Afrika, iitwayo rhodesiense, huenda kasi kuliko ile ya magharibi: mtu aliyeambukizwa hupata homa, maumivu ya kichwa na viungo, mara nyingi na uvimbe pale alipoumwa, na baada ya wiki au miezi michache vimelea huingia katika ubongo, ambapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Vimelea vingine vya jamii hiyo hiyo huwapata ng'ombe na kuleta nagana, ugonjwa unaowakondesha, unaokausha maziwa yao na kuwaondolea maksai nguvu za kuvuta plau. Familia ya Waiteso, Wasamia, Wajopadhola au Wabukhayo, ambayo mali yake ni ng'ombe na chakula chake hutoka katika ardhi inayolimwa kwa ng'ombe hao, ilikuwa na sababu mbili za kumwogopa mbung'o.

Mlipuko wa kwanza ulioandikwa ulianza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack, waliwatambua wagonjwa wa kwanza, na katika miaka michache ugonjwa ulikuwa umeenea Busoga, visiwani na Samia, na hatimaye kuua watu wanaokadiriwa kupita 200,000 katika eneo la ziwa. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeusambaza. Gavana Hesketh Bell aliamua kuwahamisha watu, na kuanzia mwishoni mwa 1906 wakazi waliokuwa ndani ya maili mbili kutoka ufukoni waliondolewa, mashamba yao yakaachwa, mitumbwi na nyavu zikakosa kazi. Vifo vilipungua, ingawa ugonjwa ulikuwa tayari umeanza kushuka wenyewe katika sehemu nyingi, na gharama ya hatua hiyo iliwaangukia wakulima na wavuvi waliopoteza ardhi ambayo vizazi vilivyofuata vilishindwa kuirudia kwa urahisi. Ardhi iliyoachwa iligeuka msitu, nao msitu ukawa makao ya wanyamapori na mbung'o, hata baadhi ya maeneo yaliyohamwa kwa ajili ya usalama yakawa ghala la hatari kwa miongo mingi.

Wakati huo huo mpaka ulikuwa ukichorwa. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mito kama Sio na Malaba ikawa sehemu ya mstari uliowagawa Waiteso na Wasamia kati ya makoloni mawili. Kwa mbung'o wa mtoni, ambaye jina lake la kitaalamu ni Glossina fuscipes, mto ni makao, na kingo zake zote mbili ni nyumba moja. Kwa maofisa, kila ukingo ulikuwa na daktari wake, sheria yake na daftari lake la wagonjwa.

Katika miongo iliyofuata, shamba la eneo hili lilibadilika. Pamba ilienea Bukedi na Teso, plau inayokokotwa na maksai ikachukua nafasi ya jembe la mkono katika kazi nyingi, na reli iliyopita Tororo kuelekea Mbale na Soroti, kisha Kampala, ikafanya mji huo kuwa njia panda ya mazao na mifugo. Ng'ombe waliongezeka thamani, wakawa wakivuta plau, wakilipa mahari, wakisomesha watoto, na kila jioni wakirudi kufungwa karibu kabisa na nyumba. Pamoja na mabadiliko hayo ulikuja mmea wa lantana, kichaka cha kigeni chenye maua ya rangi rangi, kilicholetwa kama pambo na ua la boma, kikaenea hadi kuzunguka mashamba na visima. Kivuli chake kilimfaa mbung'o kwa namna ambayo aliyekipanda asingeweza kuikisia. Mbung'o jike hatagi mayai kama inzi wengine. Huzaa buu mmoja tu kwa takriban kila siku kumi, naye buu huyo hujifukia katika udongo laini wenye kivuli. Ua la lantana kando ya zizi lilimpa mahali pa kuzalia, pa kupumzikia na pa kulia damu, vyote katika hatua chache.

Utafiti mkubwa kuhusu jambo hili ulifanyika Tororo kwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali za Afrika Mashariki zilianzisha taasisi ya pamoja ya kuchunguza mbung'o na malale, ambayo baadaye ilijulikana kwa kifupi kama EATRO, na maabara yake ikawekwa Sukulu, nje kidogo ya mji wa Tororo. Hadi leo aina za vimelea zilizohifadhiwa katika maabara za dunia huitwa kwa herufi hizo na namba, mathalani EATRO 1125. Mwaka 1964 malale yalipozuka Alego, katika Nyanza ya Kati upande wa Kenya, watafiti wa Tororo walishangazwa na jambo moja: watu walikuwa wakiambukizwa nyumbani kwao, mbali na msitu na wanyamapori, katika vijiji ambako mbung'o walikuwa wameacha kingo za mito na kuhamia katika vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake, van Hoeve na de Raadt, walitangaza kwamba vimelea vilivyotolewa katika damu ya ng'ombe wa Alego vilikuwa na uwezo wa kumwambukiza binadamu. Ng'ombe huyo alionekana mzima, akala, akalima, akakamuliwa, huku akibeba malale ya mwenye shamba.

Ugunduzi huo ulistahili kubadili kila kitu. Hadi wakati huo hifadhi ya rhodesiense, yaani wanyama ambamo vimelea huishi bila kuwaua, ilidhaniwa kuwa ni wanyamapori kama pongo, na kinga ilikuwa kufyeka vichaka, kuhamisha watu na kunyunyizia DDT na dieldrin mahali mbung'o wanapopumzika. Kama hifadhi kubwa ilikuwa zizini, basi kumtibu ng'ombe ilikuwa njia ya kumlinda mwenye ng'ombe. Ilichukua takriban miaka 40 kabla ya wazo hilo kutekelezwa kwa upana, na katika miaka hiyo maelfu walikufa. Lawama ya kuchelewa huko haiwezi kuwekwa juu ya siasa peke yake, kwa sababu daktari wa binadamu na daktari wa mifugo walikuwa chini ya wizara tofauti, na hakuna hata mmoja aliyepewa fedha za kutibu mnyama asiyeumwa kwa faida ya mtu ambaye bado hajaugua.

Siasa nazo zilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Chini ya Idi Amin biashara ya pamba na kahawa ya Uganda ilianguka, mashamba mengi ya Busoga yakaachwa, na lantana ikayafunika. Mwaka 1976 malale yalizuka Luuka, huko huko Busoga, na mwaka 1977, wakati ugonjwa ukiwa unapanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, EATRO ikavunjika nayo, maabara ya Sukulu ikabaki kuwa ya Uganda peke yake na Kenya ikaanzisha taasisi yake, KETRI, yenye makao Muguga na kituo cha Alupe karibu na mji wa Busia. Mwaka 1980 Busoga iliandikisha wagonjwa zaidi ya 8,000. Ugonjwa ukasogea mashariki, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 Tororo, ambayo wakati huo ilijumuisha Busia ya Uganda, ilikuwa katikati ya mlipuko wake yenyewe.

Jibu la miaka hiyo lililowahusisha wakulima zaidi ya mengine lilikuwa mtego. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na hupenda kutua juu ya weusi, hivyo kitambaa cha rangi hizo mbili kikishonwa kwa umbo la piramidi, kikafunikwa chandarua na kutiwa dawa, huwaua kwa wingi. Mitego ya namna hiyo ilishonwa na kutundikwa kusini-mashariki mwa Uganda, na wanakijiji ndio walioitunza: kufyeka nyasi chini yake, kuitia dawa upya, kuilinda isiibwe kitambaa. Ilipotunzwa, wagonjwa walipungua sana.

Kwa aliyekwisha kuugua, tiba yenyewe ilikuwa hatari nyingine. Dawa za mwanzoni mwa karne, kama atoxyl, zilitengenezwa kwa aseniki na ziliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Melarsoprol, iliyoanza kutumika 1949 na ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo pekee mara vimelea vya rhodesiense vilipofika ubongoni, nayo ina aseniki, huunguza mshipa inapodungwa, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila ishirini waliopewa. Aliyegunduliwa mapema alitibiwa kwa suramin, dawa salama zaidi, na kwa hiyo kuchelewa kulikuwa suala la uhai. Hata hivyo homa ya malale hufanana na ya malaria, na wagonjwa wengi walikwenda zahanati mara kadhaa, wakapewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani, kabla ya mtu kutazama damu yao kwa hadubini. Utafiti ulioongozwa na Martin Odiit na kuchapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba, katika mlipuko wa mashariki mwa Uganda, kwa kila kifo kimoja cha malale kilichoandikishwa kulikuwa na vingine 12 ambavyo havikujulikana.

Mlipuko huo, uliozuka wilayani Soroti, katika eneo la Teso, mwezi Desemba 1998, ndio uliorudisha hoja ya ng'ombe mezani. Teso ilikuwa imepoteza mifugo yake katika uvamizi wa Wakaramojong na vita vya baada ya 1986, na ng'ombe wa kuijaza tena nchi walinunuliwa kusini, ikiwa ni pamoja na wilaya zenye malale kama Tororo. Uchunguzi uliochapishwa 2001 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa katika mnada wa Brookes Corner walitoka maeneo yenye ugonjwa, na kwamba wagonjwa wa mwanzo waliishi karibu na mnada huo. Serikali ilikuwa na agizo kwamba ng'ombe wa maeneo hayo watibiwe kabla ya kuuzwa, lakini halikusimamiwa. Familia zilizokuwa zikijenga upya maisha yao kwa maksai wawili zilinunua plau na malale kwa bei moja, bila mtu yeyote kuwaonya, na hilo ni miongoni mwa dhuluma kubwa za historia hii.

Kuanzia hapo kazi ilihamia zizini. Mradi wa FITCA, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 1999, ulifanya kazi pande zote mbili za mpaka, Busia na Teso za Kenya zikiwemo, ukiwafundisha wakulima kutunza mitego, kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya mabanda yaliyozungushiwa vyandarua vyenye dawa, na kuwapulizia mifugo. Mwaka 2006 kampeni ya Uganda ya kutokomeza malale ilianza kuwadunga ng'ombe sindano ya kuua vimelea na kuwapulizia dawa ya kuua mbung'o, hasa miguuni na tumboni, ambako mbung'o hupenda kuuma. Dawa hiyo ni ya kundi la pairethroidi, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, na humdhuru binadamu kidogo kuliko dieldrin na DDT za zamani. Pamoja na hayo, kampeni hizi zilimkabidhi mkulima bomba la kupulizia, na zilipaswa kumkabidhi pia glavu na buti, pamoja na maelekezo katika lugha yake ya kutopuliza dhidi ya upepo, kutokula kabla ya kunawa na kutoosha bomba mtoni, kwa maana sumu iliyokusudiwa mbung'o huua pia samaki na nyuki.

Matokeo yameonekana. Kenya iliandikisha mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa nchini mwaka 2009, na mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya jamii nchini humo. Fexinidazole, dawa ya vidonge iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda na Malawi, iliingizwa mwaka 2024 katika miongozo ya shirika hilo ya kutibu rhodesiense, na kwa wagonjwa wengi inachukua nafasi ya sindano za aseniki. Mbung'o hawajatoweka, na nagana bado inakondesha ng'ombe kando ya mito ya mpakani. Mafundi wa maabara ambao hawajawahi kuona malale wanapaswa kuendelea kuvitafuta vimelea hivyo katika damu ya kila mwenye homa isiyosikia dawa za malaria, na minada inayovusha ng'ombe kutoka nchi moja kwenda nyingine inahitaji daktari wa mifugo mwenye dawa mkononi kila siku ya soko.