Wanagenzi wa Nasik katika njia ya Unyanyembe

Ukiuliza huko Puge, mkoani Tabora, kusoma kulianza lini, utaelekezwa kwa majirani zao wa Ndala, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1896. Jibu hilo linaacha mengi. Waarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla, na njia ya misafara ilikwisha kupitisha vijana wa kazi wanaosoma Kiingereza.

Hao walikuwa wanagenzi wa Nasik, India: watoto wa Kiafrika waliotolewa na manowari za Uingereza katika majahazi ya watumwa, wakafundishwa na wamisionari useremala, uhunzi na kusoma. Enzi hizo za Malkia Victoria, mwanagenzi wa London alinunua hadithi za peni moja, za majambazi na mizuka. Mwenzake wa Nasik alikuwa na Biblia na kitabu cha sala.

Agosti 1872 baadhi yao walifika Kwihara, huko Unyanyembe karibu na Tabora, kumfuata mmisionari na mpelelezi Livingstone. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki kwa chifu Chitambo, Mei 1873, Jacob ndiye aliyesoma sala ya maziko pale moyo wa mzee ulipozikwa chini ya mti, kisha akachonga jina na tarehe kwenye gogo lake.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Mwingereza Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, alikuwa amelala hoi kwa homa Kwihara, alipoletewa barua ya Jacob. Hakuielewa mara moja. Ilimpa habari za kifo cha baba yake! Wapagazi waliokuwa wakiibeba maiti ya Livingstone kuirudisha kwao walidhani aliyefika Kwihara ni mtoto wake. Barua iliomba pia nguo za kununulia chakula, maana watu walikuwa na njaa.

Jacob aliandika shajara ya safari hiyo nzima ya maiti. Horace Waller, mhariri wa maandishi ya mwisho ya Livingstone, aliwategemea zaidi Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Ya Jacob ikatoka mwaka 1874 kwa Kijerumani. Kwangu mimi huko ni kumdhulumu mwandishi. Tarehe 18 Aprili mwaka huo Jacob alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza la Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey, London. Baadaye akarudi Afrika kuhangaikia kibarua, hadi wamisionari wa Urambo walipompokea. Alifia hukohuko Urambo mwaka 1892.

Shajara yake ya Kiingereza sasa imo mtandaoni. Walimu wa Puge na Ndala, isomeni na wanafunzi wenu.