Kisu chembamba cha watu wa Mora

Mwaka 1891 Mswidi mmoja aitwaye Frost-Erik Erson alirudi kwao kutoka Marekani. Alikuwa amekaa huko miaka minne akikata magogo ili asaidie kulipa deni la familia. Kijiji chake kiliitwa Östnor, jirani na mji wa Mora katika jimbo la Dalarna, nchi ya misonobari, maziwa na majira marefu ya theluji. Erson hakurudi na wazo la visu. Alifungua karakana ya sleji, zile zinazokokotwa na farasi juu ya theluji kubeba magogo. Ila mafundi wake walihitaji visu vya kuchongea, naye akaongeza kijikarakana cha uhunzi cha kuwatengenezea. Miaka ikapita, sleji zikaachwa, visu vikaendelea.

Asili hii ina uzito. Kisu cha Mora hakikubuniwa na mwindaji, mwanajeshi wala tajiri mwenye hamu ya kuning'iniza kitu kiunoni. Kilitoka mikononi mwa watu waliochonga mbao kutwa nzima. Siku hizi wapo wengi wanaopenda kukaa porini: kuwasha moto bila kibiriti, kuchonga mwiko, kujenga kibanda cha kulala. Wanapotafuta kisu bora, kisichokunjwa, wanakutana na mamia ya aina na bei zinazotisha. Mimi nasema waanzie kwenye historia, kwa maana karibu kila swali la mnunuzi wa leo lilishajibiwa na watu waliokuwa na kazi ya kufanya na fedha kidogo ya kufanyia.

Ufundi wa Östnor ulianza kabla ya Erson, tangu karne ya 17. Mashamba ya Dalarna yaligawanywa kwa warithi kizazi hata kizazi mpaka yakawa vipande visivyoshibisha. Wakulima wakatafuta riziki ya pili, na vijiji vikajijengea sifa, kila kimoja kwa kazi yake. Östnor walifua chuma, na pia ndiko zilikotoka zile saa ndefu za kusimama zinazoitwa saa za Mora. Mtu anayeweza kutengeneza gurudumu la saa kwa mkono hashindwi na ubapa wa kisu.

Chukua kisu cha Mora cha aina ya zamani, chenye mpini mwekundu wa mti wa betula, umetuna katikati kama pipa. Kielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye mteremko wa makali utaona mstari unaopindapinda kutoka mpinini hadi nchani. Juu yake rangi imefifia, chini yake panang'aa. Huo ni mpaka wa vyuma viwili. Katikati kuna pua ngumu yenye kaboni nyingi, na pande zake mbili kuna chuma laini. Mhunzi aliviweka pamoja, akavipasha moto na kuvifua hadi vikashikana. Sababu ya kwanza ilikuwa uhaba: pua ilikuwa ghali, na kwa njia hii kipande kidogo kilitosha visu vingi. Lakini ubanaji huo ulizaa faida nyingine mbili. Pua ngumu hukaa na makali muda mrefu lakini ni rahisi kukatika. Ikivikwa chuma laini, inapata wa kuibebea mshtuko. Na wakati wa kunoa, jiwe hula chuma laini upesi, likabaki na ukanda mwembamba tu wa pua wa kushughulika nao.

Ugumu wenyewe hupatikana kwa moto. Ubapa hupashwa hadi kupita nyuzi 800 za Selsiasi, huzimwa ghafla kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto la chini, karibu nyuzi 200, ili ulegee kidogo usiwe mwepesi wa kuvunjika. Hatua hii haionekani kwa macho. Visu viwili vya chuma kilekile, vilivyokatwa kwa umbo lilelile, kimoja kinaweza kuchonga mti mkavu siku nzima na kingine kikajikunja makali kabla ya saa sita mchana, kwa sababu tu mmoja wa mafundi aliharakisha moto. Fedha ya ziada inayolipwa kwa kisu bora, sehemu yake kubwa inapaswa kwenda hapa. Mnunuzi hawezi kuipima dukani, kwa hiyo jina la mtengenezaji si pambo.

Chuma kizuri Sweden ilikuwa nacho. Hata wafua pua wa Sheffield, Uingereza, walinunua chuma cha Dannemora kwa sababu kilikuwa safi, kisicho na fosforasi na salfa nyingi. Mwaka 1858, kule Edsken, Göran Fredrik Göransson alifanikiwa kutengeneza pua kwa njia ya Bessemer, ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na mwaka 1862 akaanzisha kiwanda cha Sandviken. Pua ikaanza kushuka bei. Kufikia wakati Erson anarudi kutoka Marekani, kisu kizuri kilikuwa kimeanza kufikiwa na mtu wa kawaida.

Kilikuwa kimeshawafikia hata watoto. Mwaka 1866 Finland, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, iliingiza kazi za mikono katika shule za umma. Mwaka 1872 huko Nääs, Sweden, August Abrahamson na mpwa wake Otto Salomon walifungua shule ya ufundi ambayo baadaye ilifundisha walimu kutoka nchi nyingi. Chombo cha mwanzo cha mwanafunzi kilikuwa kisu.

Msomaji aliyekulia kwenye panga atauliza: mbona kisu chenyewe ni kifupi hivyo, sentimita 10 tu za ubapa? Jibu liko msituni. Kwetu vichaka vimesongamana, mtu afungue njia, afyeke, akate ukuni, na panga moja linafanya yote. Msitu wa kaskazini ni mashina ya misonobari na betula. Shoka huangusha na kupasua. Kisu huja nyuma yake kumalizia. Kwa kuwa hakikulazimishwa kuwa shoka, kilipata nafasi ya kuwa chembamba, milimita mbili na ushei za unene. Makali yake nayo yana umbo lake: ubapa unashuka na unene uleule, kisha unakatwa mteremko mmoja ulionyooka kila upande hadi mwisho, jumla ya pembe ikiwa karibu nyuzi 25. Mteremko huo ukiulaza juu ya mti, wenyewe unakuongoza jinsi ya kuzama na kutoka. Unachonga kijiti kikavu, maranda yanajisokota na kubaki yameshikilia pale pale, na kijiti hicho kinashika moto hata siku ya mvua. Kunoa ni rahisi vilevile: unaulaza mteremko wote juu ya jiwe, unasukuma.

Wamarekani waliyafikia mawazo hayo kwa njia yao. George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alichapisha kitabu chake *Woodcraft* mwaka 1884, na ndani yake alivikataa visu vya kuwindia vilivyojaa madukani: vinene, vizito, vya kutisha kwa sura na hafifu kwa kazi. Yeye alibeba shoka dogo, kisu cha kukunja na kisu kimoja chembamba. Horace Kephart, mkutubi wa St. Louis aliyehamia milima ya Great Smoky, naye akaandika juu ya maisha ya porini mwaka 1906 na kurudia lawama ileile kuhusu unene. Ukisoma maonyo ya watu hawa wawili unaona kwamba biashara ya visu ilikuwa imeshajifunza kuuza ukali wa sura badala ya ukali wa makali.

Funzo hilo likasahauliwa. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya kwanza ya Rambo, na kisu kilichotumika kilitengenezwa na Jimmy Lile, fundi wa Arkansas: kikubwa, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wenye uwazi ndani wa kuwekea vifaa vidogo. Lile alikuwa fundi hodari. Balaa lilikuwa kwa walioiga kwa bei ya chini, ambao ubapa wao uliungwa kwenye mpini kwa skrubu fupi. Visu vya namna hiyo hukatikia shingoni siku unapovihitaji, na vipo sokoni mpaka leo.

Aliyesaidia kuwarudisha watu kwenye wembamba alikuwa Mors Kochanski wa Alberta, Kanada, aliyefariki mwaka 2019. Kitabu chake cha miaka ya 1980 kuhusu maisha katika misitu ya kaskazini kilitoa kipimo ambacho sijaona kilichokishinda: ubapa uwe na urefu wa upana wa kiganja chako. Alifundishia kwa kisu cha kawaida cha Mora, chombo ambacho kila mwanafunzi aliweza kukimudu.

Tuje kwenye uchaguzi wa chuma. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, alipata pua yenye kromiamu isiyoshika kutu. Tangu hapo mnunuzi ana njia mbili. Pua ya kaboni hunoleka upesi na hukubali makali makali sana, lakini ukiiacha na unyevu usiku mmoja inabadilika rangi. Anayeishi Tanga, Lamu au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, namshauri achukue isiyoshika kutu bila kusita. Wa Iringa au Nyeri anaweza kuchukua ya kaboni, mradi akumbuke kuifuta na kuipaka mafuta. Hata ya kupikia yanafaa.

Swali la mwisho ni chuma kinachoingia ndani ya mpini. Visu vya zamani vya Östnor vina mkia mwembamba uliozama kwenye mti, nao umetosha kuchongea kwa zaidi ya karne moja. Lakini watumiaji wa leo hupenda kupasulia kuni kwa kisu, wakigonga mgongo wake kwa rungu, kwa sababu wengi hawabebi shoka. Kazi hiyo inadai chuma kinachofika hadi mwisho wa mpini. Kiwanda cha Erson na kile cha KJ Eriksson, kilichoanza mwaka 1912 kijijini hapo hapo, viliunganishwa mwaka 2005, na tangu mwaka 2016 kampuni inaitwa Morakniv. Ndiyo iliyoleta Garberg, kisu cha namna hiyo, chenye unene wa milimita 3.2 na bei inayozidi mara kadhaa ya kile cha kawaida.

Garberg ni kisu imara, na kwenye kuni kinakishinda kile chembamba. Kwenye mwiko kinashindwa: unene ule unasukuma mti upasuke pale unapotaka ukatike. Kama ningekuwa nanunua kwa mara ya kwanza, ningechukua chembamba cha bei nafuu na kukitumia mpaka nijue nachonga zaidi au napasua zaidi, ndipo niongeze fedha.