Robo gari
Robo gari ni modeli ya kihesabu ya kuchunguza kwa kompyuta mitetemo ya mfumo wa springi na shokapu. Badala ya gari zima, huchukuliwa gurudumu moja, springi na shokapu yake, na sehemu ya bodi inayobebwa juu yake. Tairi nalo huhesabiwa kama springi ya pili. Programu hulipitisha gurudumu juu ya umbo la barabara lililopimwa, ikikokotoa hatua kwa hatua linavyopanda na kushuka. Bodi hucheza taratibu, takriban mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Gurudumu hudunda mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Shokapu ikiwa laini mno, bodi huendelea kunesanesa baada ya tuta. Ikiwa ngumu mno, kila kokoto husikika kitini. Kazi ni kupata kiasi kati ya hayo mawili.

Robo gari mashuhuri zaidi ni ya IRI, kipimo cha kimataifa cha mabonde na matuta ya barabara, kilichotokana na majaribio yaliyofanyika Brazil mwaka 1982 kwa udhamini wa Benki ya Dunia. Mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa, nao haubadilishwi kamwe, ili barabara za nchi mbalimbali zilinganishwe kwa haki. Lakini gari kulala upande kwenye kona hakuonekani katika robo gari. Kwa hilo huhitajika modeli ya nusu gari au gari zima.