Jagi la Maji, Hola

Siku hizi mijini kuna mtindo: mpishi aliyebobea kwenye mikahawa ya bei kali anafungua sehemu ya kawaida, sahani bila mapambo, na watu wanapanga foleni. Hoteli za Hola hazijawahi kuwa kitu kingine. Wali, samaki wa Mto Tana, mbuzi, chai ya maziwa. Hata kabla hujaagiza, jagi la maji liko mezani, bure.

Na maji ya Hola yaliwahi kusingiziwa mauaji. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa na askari wa kambi hadi kufa. Taarifa ya serikali ya kikoloni ikadai vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya mkokoteni. Ati maji! Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kipigo, na Julai hiyo bunge la Uingereza likalijadili jambo hilo hadi usiku wa manane.

Wakoloni wakaona heri wabadilishe jina: Hola ikaitwa Galole. Jina la mji lilirudi baadaye. Galole bado ni eneo bunge.