Kwa Nini Dawa ya Minyoo Huchoka

Ndugu mfugaji, swali ninaloulizwa sana hapa Bumbire ni hili: "Bwana mifugo, mbona dawa ya minyoo siku hizi haishiki?" Jibu limo katika historia ya dawa zenyewe.

Mnyoo hujizuia tumboni mwa mbuzi kwa misuli yake, na misuli huamriwa na neva. Neva zikivurugwa, mnyoo hupooza na kutoka na kinyesi. Levamisoli, dawa ya miaka ya 1960, hukaza misuli hiyo. Ivamektini, iliyoanza kuuzwa kwa mifugo mwaka 1981, huilegeza. Ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, na waliogundua, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Albendazoli hushambulia seli za mnyoo, si neva. Ndugu yake mkubwa, thayabendazoli, alitoka mwaka 1961. Kufikia 1964, tayari kulikuwa na minyoo ya kondoo iliyomzoea! Ivamektini nayo ikazoewa.

Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta shabaha mpya. Mwaka 1989, huko Marekani, walitenga peptidi kutoka kwenye minyoo mikubwa ya nguruwe. Peptidi ni vipande vidogo vya protini ambavyo neva hutumia kupelekeana ujumbe. Tangu hapo zimepatikana nyingi, lakini dawa inayozilenga bado haijafika dukani.

Huko Pemba, watu wazima walijaribiwa emodepsidi, dawa iliyoanzia kwa paka, ambayo nayo hupoozesha mnyoo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: kwa minyoo mjeledi, dozi ya miligramu 5 iliponya watu 25 kati ya 30, albendazoli iliponya 5 kati ya 30. Usiitafutie mbuzi wako. Hiyo si dawa yao.

Safari hizo huchukua miaka mingi. Kwa hiyo tunza dawa uliyonayo:

- Pima uzito, usikisie. Nusu dozi huacha hai minyoo sugu, nayo ndiyo huzaana.
- Funua kope ya chini. Ikiwa nyeupe, mtibu. Ikiwa nyekundu na mbuzi ana afya, mwache.
- Mbuzi aliyeshushwa mwaloni kutoka bara mtenge, mtibu, ndipo umchanganye na wenzake.

Kisiwa chetu ni kidogo. Minyoo sugu ikiingia kwa jirani, kesho iko kwako.